Baiskeli ya chuma ya zamani: kuikagua, kuifungua, na kuuziana vipuri bila kupotezeana muda

Karibu kila kitu kwenye baiskeli ya chuma ya zamani hufunguka, husafishika na hurudi mahali pake. Kazi huharibika pale mtu anaponunua kipuri kwa kukikadiria kwa macho. Nguzo ya siti ya milimita 27.0 na ya 27.2 huwezi kuzitofautisha mkononi, lakini moja itacheza ndani ya fremu na nyingine itakaa. Kwa hiyo chombo cha kwanza kununua, kabla hata ya spana nzuri, ni venia kalipa inayosoma hadi milimita 0.1 au chini ya hapo. Cha pili ni geji ya thredi, yaani kipimo cha nafasi kati ya nyuzi za skrubu. Hivi viwili vikiwa mfukoni unaweza kwenda kununua au kubadilishana vipuri na mtu yeyote.

Kukagua fremu kabla ya kutoa pesa

Anza shingoni. Pitisha kidole chini ya bomba la juu na chini ya bomba la chini, ile sehemu ya sentimita chache nyuma ya lagi (soketi zinazounganisha mabomba) za shingo. Ukihisi mkunjo au uvimbe mdogo, au ukaona rangi iliyopasuka kwa mstari unaokata bomba, baiskeli hiyo imewahi kugonga kitu kwa mbele. Bomba lililojikunja halirudi kwenye nguvu yake hata likinyooshwa. Dawa yake ni mjenzi wa fremu kulitoa na kuweka jingine, na ni fremu chache zinazostahili gharama hiyo. Usidanganywe na rangi mpya: rangi mpya kwenye fremu ya zamani ni sababu ya kukagua mara mbili.

Kisha simama ubavuni na utazame uma wa mbele. Mstari unaopita katikati ya shingo unapaswa kuendelea moja kwa moja kwenye sehemu ya juu ya miguu ya uma, ndipo miguu ianze kupinda kwenda mbele kuelekea chini. Kama miguu imerudi nyuma ya mstari huo karibu na taji la uma, uma umepata kipigo. Uma ukipinda na mabomba ya fremu yakabaki salama, baiskeli bado inafaa. Uma ukipinda na mabomba nayo yakawa na mkunjo, unanunua vipuri tu, kwa hiyo lipa bei ya vipuri.

Unyoofu wa nyuma hupimwa kwa uzi. Funga uzi kwenye kidomo cha kushoto cha nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa. Uzungushe mbele ya shingo, uurudishe hadi kidomo cha kulia, kisha uukaze. Pima umbali kati ya uzi na bomba la siti upande wa kushoto, halafu upande wa kulia. Tofauti ya milimita 1 ni ya kawaida hata kwa fremu nzuri. Ikifika milimita 3, mikono ya nyuma (mabomba yanayoshika gurudumu la nyuma) imekwenda upande mmoja na itahitaji kunyooshwa. Chuma hukubali kunyooshwa. Ni moja ya sababu za watu kukipenda.

Sehemu nyingine hukaguliwa haraka: vidomo vya nyuma (nyufa huanzia pale mkono wa chini unapoungana na kidomo, hasa kulia), sikio la derela (kifaa cha kuhamisha mnyororo kati ya gia) kama limepinda kuelekea spoki, chini ya nyumba ya BB (ekseli ya krenki) ambako maji hutuama, na masikio ya lagi ya siti. Masikio haya yakiwa yamekaribiana hadi kugusana, mtu aliweka nguzo nyembamba kuliko inayotakiwa akaikaza kwa nguvu. Hapo usiamini nguzo iliyomo kama kipimo cha fremu. Toa nguzo, mulika tochi ndani, kisha geuza fremu juu chini na uigonge kwa kiganja. Vumbi jekundu likitoka si tatizo. Vipande vya kutu vyenye unene vikitoka, gusa mabomba kwa ncha ya bisibisi karibu na BB, uone kama kuna mahali panapobonyea.

Stika ya bomba si ushahidi. Reynolds 531, aina ya bomba bora la chuma, imekuwepo tangu 1935, na stika zake hupatikana mpya kwa yeyote anayezitaka. Ushahidi ni vipimo. Bomba la siti la kawaida la Kiingereza au la Kiitaliano lina kipenyo cha nje cha milimita 28.6, na likiwa la ukuta mwembamba, kama 531 ya daraja la juu au Columbus SL, hupokea nguzo ya 27.2. Namba ya nguzo inaposhuka ukuta huwa mnene zaidi: 26.8, 26.6, hadi 25.4 kwenye baiskeli za chuma cha kawaida. Lakini kalipa ikisoma 28.0 kwa nje, una fremu ya vipimo vya Kifaransa, na nguzo ya 26.4 hapo inaweza kuwa ya bomba zuri kabisa. Peugeot nyingi za mbio za 531 ziko hivyo, na wauzaji wasiojua huziita za hali ya chini. Tazama pia vidomo: vilivyofuliwa kwa uzito na kupigwa mhuri wa Campagnolo au jina jingine la maana haviwekwi kwenye fremu ya bei rahisi, wakati vidomo vya bati lililokatwa na kubanwa huonyesha kazi ya kiwandani ya kawaida.

Kuhusu umri, sehemu husema zaidi kuliko muuzaji. Habu (vitovu vya magurudumu) za Sturmey-Archer zina mwaka kwa tarakimu mbili na mwezi vikiwa vimegongwa kwenye ganda: 72 na 5 ni Mei 1972. Nati za kufungia koni kwenye habu nyingi za Campagnolo zina tarakimu mbili za mwaka, na derela ya Nuovo Record ina neno PATENT likifuatwa na mwaka. Shimano waligonga herufi mbili: ya kwanza ni mwaka kuanzia A kwa 1976, B kwa 1977, na kuendelea, ya pili ni mwezi, A hadi L. Kumbuka tarehe hizi ni za kipuri. Magurudumu hubadilishwa, kwa hiyo tafuta tarehe tatu au nne zinazokubaliana kabla ya kusema baiskeli ni ya mwaka fulani.

Thredi na vipimo: hapa ndipo pesa hupotea

BB, yaani nyumba ya ekseli ya krenki chini ya fremu, ina familia kuu nne. Ya Kiingereza ni inchi 1.370 kwa thredi 24 kwa inchi, nyumba yenye upana wa milimita 68, na kikombe (kipande chenye thredi kinachoshika gololi) cha kulia hufungwa kinyume. Ya Kiitaliano ni milimita 36 kwa thredi 24 kwa inchi, upana 70, pande zote hufungwa kwa mwendo wa saa. Ya Kifaransa ni 35 kwa milimita 1, upana 68, pande zote kwa mwendo wa saa. Ya Kiswisi ni kama ya Kifaransa ila kikombe cha kulia hufungwa kinyume. Motobécane nyingi ziliitumia. Nje ya hizo nne ipo ya Raleigh wa Nottingham: inchi 1.370 ileile, lakini thredi 26 kwa inchi, na nyumba pana ya milimita 71 au 76. Kikombe cha Kiingereza cha thredi 24 kitaingia kwenye nyumba ya Raleigh mizunguko miwili mitatu kisha kikwame. Anayeendelea kukaza hapo anaua nyumba.

Upana wa nyumba ndiyo dalili ya kwanza kwa sababu unapimika bila kufungua chochote. 70 ni Kiitaliano. 71 au 76 kwenye Raleigh ni thredi 26. 68 inakuacha na mengine matatu, na hapo ndipo geji ya thredi na nchi ya baiskeli vinapokusaidia.

Kikombe cha kulia kina sababu ya kufungwa kinyume. Gololi zinapozunguka kati ya ekseli na kikombe hukisukuma kikombe kidogo kidogo kuelekea upande ulio kinyume na mzunguko wa krenki. Upande wa kulia, msukumo huo hufungua thredi ya kawaida na hukaza thredi ya kinyume. Ndiyo maana vikombe vya Kiitaliano na Kifaransa upande wa kulia hulegea njiani visipokazwa kwa nguvu sana. Safisha thredi kwa kitambaa chenye spiriti, weka gundi ya thredi, kaza, uache ikauke usiku mzima.

Stemu, mkono unaoshika usukani, nayo ina mtego. Ya kawaida kwenye uma wa inchi 1 ni milimita 22.2. Ya Kifaransa ni 22.0. Stemu ya 22.2 haiingii kwenye uma wa Kifaransa, na suluhisho la kweli ni kuipunguza kwa msasa sawasawa pande zote, kidogokidogo, ile sehemu inayoingia ndani tu. Stemu ya 22.0 kwenye uma wa 22.2 itaingia vizuri na itashika vibaya, na hilo ni hatari. Angalia pia kipenyo cha usukani pale unapobanwa: 25.4, 26.0, au 26.4 kwenye Cinelli za zamani. Kubana usukani wa 25.4 kwenye stemu ya 26.4 hupasua sikio la stemu.

Friwili (seti ya nyota za nyuma) za Kiingereza (inchi 1.370 kwa 24) na za Kiitaliano huingiliana bila shida kubwa. Ya Kifaransa ya milimita 34.7 kwa 1 haiingiliani na yoyote, na habu ya alumini iliyolazimishiwa friwili isiyo yake hutupwa. Pedali za kawaida ni inchi 9/16 kwa thredi 20. Za Kifaransa ni 14 kwa 1.25 na tofauti haionekani kwa macho, kwa hiyo zungusha kwa vidole kwanza. Ikikataa mapema, isikilize. Ya kushoto hufungwa kinyume katika mifumo yote hii.

Matairi: acha kabisa kuamini inchi. Namba inayofaa ni kipenyo cha kiti cha tairi kwenye rimu. 28 × 1½ ya baiskeli nyeusi kubwa ni 635. 27 × 1¼ ni 630. 700C ni 622. 26 × 1⅜ ya Kiingereza ni 590, lakini 26 × 1⅜ ya Schwinn ni 597, na tairi la moja halivai nyingine ingawa maandishi ubavuni ni yaleyale. Ukihama kutoka 630 kwenda 622, kila breki inatakiwa ishuke milimita 4. Pima kama kalipa za breki zina nafasi hiyo kabla ya kununua magurudumu.

Kufungua bila kuvunja

Piga picha za kila upande kabla ya kugusa spana. Kisha weka mafuta ya kupenya kwenye stemu, nguzo ya siti, kotapini (pini zinazofunga krenki kwenye ekseli), vikombe na pedali, uondoke. Rudi kesho yake uweke tena. Uvumilivu wa siku tatu huokoa vipuri vingi kuliko nyundo yoyote.

Kotapini ndizo zinazoumiza watu. Legeza nati hadi uso wake ulingane na ncha ya pini. Usiitoe, kwa sababu inalinda thredi. Ukiwa na presi ya kotapini, itumie na usisome zaidi. Usipokuwa nayo, tafuta kipande cha bomba zito la chuma ambalo tundu lake ni pana kuliko kichwa cha pini. Kisimamishe sakafuni kwenye zege, krenki ikae juu yake, kichwa cha pini kikiwa kimeingia tunduni. Sasa nguvu ya kipigo inashuka kwenye bomba na sakafu. Bila bomba hilo, kipigo chote kinapokelewa na gololi na vikombe, na utakuta alama za mashimo kwenye njia ya gololi. Piga mara moja, kwa nyundo nzito, kwa kunyooka. Vipigo vidogovidogo vingi hufanya ncha ivimbe kama uyoga, na pini iliyovimba haitoki ila kwa kutobolewa kwa keekee.

Pini mpya zina vipenyo tofauti: 9.5 kwa Raleigh na Waingereza wengi, 9.0 kwa baiskeli nyingine nyingi. Pima tundu, usipime pini ya zamani iliyoliwa. Wakati wa kurudisha, kila pini iingie kwa namna ileile ukilinganisha na krenki yake. Krenki zikilala sawa na ardhi, nati moja itatazama juu na nyingine chini. Zikiingia zote kutoka upande mmoja, krenki hazitakuwa kwenye mstari mmoja. Ingiza kwa presi au kipigo kwanza, ndipo ukaze nati. Nati haikusudiwi kuvuta pini, na ukiitumia hivyo utaikata thredi. Pini ikibaki nje sana, nati itashika thredi chache mno. Ikate kidogo ule ubapa kwa tupa laini, ukihifadhi pembe yake, kisha jaribu tena. Endesha kilomita chache, piga pini tena, kaza nati tena. Kotapini inayolegea hujila yenyewe na kula tundu la krenki.

Kikombe cha kulia cha BB hukaa kwa ukaidi. Kama ni cha Kiingereza, kukifungua ni kwa mwendo wa saa. Spana ya kawaida huteleza kwenye ubapa mwembamba wa kikombe. Pitisha bolti nene ndani ya kikombe, weka washa pana pande zote mbili, ubane spana dhidi ya kikombe kwa nati ili isiteleze, kisha zungusha kwa mkono mrefu. Au funga kikombe chenyewe kwenye jiriwa imara iliyofungwa mezani na uzungushe fremu nzima.

Nguzo ya alumini iliyokwama ndani ya bomba la chuma ina sababu ya kikemia. Unyevu ukiwepo kati ya metali hizo mbili, alumini huliwa, na oksidi yake huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, ndiyo inayobana. Kwa hiyo anza kwa amonia ya kawaida ya usafi, ambayo huyeyusha oksidi hiyo vizuri kuliko mafuta. Geuza fremu, mimina kupitia nyumba ya BB, uache saa kadhaa mahali penye hewa. Kisha funga kichwa cha nguzo kwenye jiriwa na uzungushe fremu polepole kwa kushika mwisho wa mbele na wa nyuma. Kupasha fremu moto hakusaidii sana hapa, kwa kuwa alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, yaani nguzo inajaa zaidi. Kupoza ndiko kunakosaidia: nguzo husinyaa kuliko bomba.

Ikishindikana, kata nguzo ukiacha sentimita 2 juu ya fremu, ingiza msumeno wa chuma ndani yake na ukate ufa mmoja wa urefu wote, ukisikiliza mlio ubadilike unapokaribia chuma. Kisha kunja kuta ndani na uvute. Magadi makali, yaani soda ya kostiki, ni njia ya mwisho. Hula alumini na kuacha chuma. Gramu 100 kwa lita moja ya maji zinatosha. Tia soda kwenye maji, kamwe usitie maji kwenye soda. Ziba nyumba ya BB kwa mpira, simamisha fremu wima, miwani ya kinga na glavu ndefu visikosekane, usifanye ndani ya nyumba, wala pasiwe na moto karibu kwa sababu mchanganyiko huo hutoa haidrojeni. Huondoa rangi pia kila inapomwagika.

Stemu ni rahisi zaidi: legeza bolti ya juu mizunguko mitatu au minne na uigonge kwa nyundo ya mbao. Kabari itashuka. Stemu ikitoka, tazama sehemu ya chini. Zile za zamani zenye mpasuo wima unaokomea bila tundu la duara mwishoni hupasuka kuanzia hapo. Zitundike ukutani, usiziendeshee.

Kutu, rangi na kromu

Rangi ya asili iliyochakaa ina thamani kuliko rangi mpya nzuri, kwa mnunuzi na kwa historia ya baiskeli. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, jaribu polishi ya gari mahali pasipoonekana, na ukae mbali na stika. Zile za kubandika kwa maji huondoka kwa kusuguliwa tu.

Kromu yenye madoa ya kutu isugue kwa karatasi ya alumini iliyokunjwa na kuloweshwa maji. Sehemu ndogo za chuma zenye kutu zitumbukize kwenye asidi oksaliki: vijiko viwili vya chakula kwa lita 4 za maji, ndani ya chombo cha plastiki, kwa saa 12 hadi 24. Ni sumu, vaa glavu na usivute unga wake. Usitie alumini wala kitu kilichopakwa zinki. Zinki ya spoki nyingi huondoka kabisa humo. Ukivitoa, suuza, vitie kwenye maji yenye magadi ya kupikia ili kuua asidi, suuza tena, kausha papo hapo na upake mafuta. Chuma kilichotoka kwenye asidi hushika kutu mpya ndani ya saa moja. Ukivisahau siku nyingi vitatoka na utando wa njano usiotoka kirahisi.

Ndani ya mabomba, mimina mafuta ya kitani au nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya hewa, zungusha fremu pande zote, acha ichuruzike siku mbili. Kazi hii ni ya dakika kumi na inaongeza miongo.

Kukusanya

Gololi nunua mpya daima. BB huchukua 11 za robo inchi kila upande zikiwa huru. Ukikuta zimo ndani ya kizimba chenye 9 au chini ya hapo, tupa kizimba. Gololi nyingi hugawana mzigo. Habu ya nyuma ni 9 za robo inchi kila upande. Ya mbele kwa kawaida ni 10 za inchi 3/16, ila Campagnolo Record ya mbele hutaka 9 za inchi 7/32, kipimo ambacho watu hukikosea kila siku. Kwenye shingo ziko 5/32 au 3/16. Pima zilizotoka, jaza njia ya gololi, kisha toa moja.

Koni yenye vishimo ibadilishwe. Vikombe vilivyomo ndani ya habu vikiwa na vishimo, mara nyingi habu imekwisha, na ni heri kujua kabla ya kusuka gurudumu. Ukirekebisha habu yenye ekseli ya kufungua haraka, acha mchezo mdogo sana gurudumu likiwa nje ya fremu. Wenzo ukifungwa hubana ekseli na mchezo huo hupotea. Anayeimaliza kabisa mezani atakuwa amekaza gololi kupita kiasi barabarani.

Habu ya Sturmey-Archer AW ya gia tatu inataka mafuta mepesi ya injini, kijiko kimoja cha chai, na si mafuta ya mboga wala yale yanayoganda kuwa gundi. Gia ya 1 hupunguza mwendo kwa asilimia 25, ya 2 ni moja kwa moja, ya 3 huongeza kwa asilimia 33.3. Kurekebisha: weka gia ya 2, tazama kupitia tundu la nati ya kulia, na uzungushe kirekebisho cha mnyororo mdogo hadi bega la kijiti lilingane na mwisho wa ekseli. Kati ya 2 na 3 kuna nafasi tupu isiyoshika gia yoyote. Waya ukiwa umelegea au umekaza kupita kiasi, unaweza kusimama kwenye pedali ukaangukia hapo. Habu haijaharibika, ni waya.

Mnyororo pima kwa rula: viungo 12 kamili ni inchi 12, yaani milimita 304.8. Ukifika 306.4 ubadilishe. Ukipita 307.8, friwili nayo imeshaliwa, na mnyororo mpya utaruka juu yake.

Kupanua mikono ya nyuma ni jambo la kawaida kwa chuma. Fremu ya gia 5 ina nafasi ya 120 kati ya vidomo, ya gia 6 au 7 ina 126, na habu za barabara za baadaye zina 130. Kutoka 120 hadi 126 ni milimita 3 kila upande. Sukuma upande mmoja mmoja kwa ubao mrefu uliopitishwa kati ya mikono na kuegemea bomba la siti, pima kwa uzi kila mara, kisha hakikisha vidomo vinatazamana sambamba. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, na matokeo yake ni ekseli zinazopinda na kuvunjika upande wa friwili. Fremu za Reynolds 753, ambazo chuma chake kimepitishwa kwenye joto maalumu, mwachie mjenzi wa fremu.

Kuuza na kubadilishana

Tangazo zuri ni lile ambalo mnunuzi hana la kuuliza. Kwa fremu, toa urefu wa bomba la siti kutoka katikati ya BB hadi katikati ya bomba la juu, na pia hadi kilele cha lagi, ukieleza ni ipi, maana kuchanganya hizi mbili hupoteza sentimita nzima au zaidi. Ongeza urefu wa bomba la juu, nguzo ya siti, thredi ya BB, nafasi ya vidomo, na saizi ya gurudumu. Piga picha upande wa mnyororo, kisha lagi za shingo kutoka chini, vidomo vyote, chini ya BB pamoja na namba, na kila kasoro kwa karibu. Kasoro iliyopigwa picha hairudishi bidhaa. Iliyofichwa huirudisha.

Kwa krenki, taja urefu, duara la bolti (kipenyo cha duara linalopita kwenye bolti za nyota) na thredi ya kung'olea (inayoshika chombo cha kuitoa krenki). Campagnolo Record ya zamani ilikuwa na duara la 151, baadaye 144. Stronglight 93 ni 122. Thredi ya kung'olea kwa wengi ni milimita 22, lakini TA ni 23 na Stronglight ni 23.35. Safisha na ukague pembe kati ya mkono na nyota kwa kioo cha kukuza, kwa kuwa krenki nyepesi za alumini za miaka hiyo hupata nyufa hapo, na kuiuza yenye ufa kwa mtu atakayeikanyaga ni kosa kubwa. Kwa derela, eleza mchezo wa viungo na kama kizimba kimenyooka. Simplex za plastiki ya Delrin zipigwe picha kwenye viungo, mahali zinapopasukia.

Unapokagua siti ya ngozi kabla ya kubadilishana, tazama kuzunguka misumari. Ngozi iliyopasuka hapo haitibiki kwa nta. Iliyokauka tu hufufuka kwa tabaka nyembamba za nta yake, na nati ya mbele ikizungushwa robo tu, si zaidi.

Fremu ikisafiri, weka ekseli au kipande cha mti chenye urefu kamili kati ya vidomo: 100 kwa uma, 120 au 126 kwa nyuma. Bila hicho, boksi likikandamizwa, mikono hubanana na mpokeaji anapata fremu iliyopinda. Toa pedali. Fungua derela kwenye sikio lake na uifunge ndani ya mkono wa nyuma, kwa kuwa sikio hilo ndilo linalopinda kwanza. Ekseli za magurudumu zifunikwe ncha, zisitoboe bomba la juu. Vipuri vidogo viwekwe kwenye mfuko mmoja uliofungwa kwenye fremu, si ulioachwa huru chini ya boksi, na orodha ya vilivyomo iandikwe juu ya mfuko.